Iga Sababu, Usiige Sura: Nasaha kwa Vijana Wanaounda Fimbo ya Rubani

Wanangu,

Nimewaona mnavyohangaika na jambo hili. Mmoja wenu amejaza simu yake picha za fimbo ya F-16, mwingine ameshaanza kuchonga mpini kwa ubao, wa tatu anaulizia bei ya rangi nyeusi ya kupuliza isiyong'aa. Mnataka kuunda fimbo ya rubani wa ndege ya kivita, muichomeke kwenye kompyuta, mfungue programu ya kuigiza urushaji wa ndege, DCS au Falcon au FlightGear, na mkono wenu ushike kitu kile kile anachokishika rubani wa kweli. Ni kazi njema. Ndani yake mna chuma, mna umeme, mna hesabu na mna programu, na kijana anayeifikisha mwisho huwa amejifunza fani nne kwa kazi moja. Sisemi nanyi ili niwavunje moyo. Nasema kwa kuwa nimezeekea kwenye meza ya ufundi, na najua mahali ambapo kazi ya namna hii huharibikia.

Huharibikia kwenye sura. Kijana hutazama picha, akalipenda umbo, akaanza na umbo: mpini, vitufe, rangi, maandishi madogo ya pembeni. Akimaliza anacho kitu kizuri cha kuweka kabatini, lakini akikichomeka, ndege kwenye skrini inatetemeka, pua haitulii, na kulenga shabaha hakuwezekani. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Kila tundu, kila kipindo na kila kitufe cha fimbo ile kilikuwa na sababu kabla hakijawa na sura. Basi nasaha yangu ni hii moja, na yatakayofuata yote ni maelezo yake: igeni sababu, sura itakuja nyuma yake.

Anzeni kwa kujua kwa nini fimbo ipo. Ndege ya akina Wright ya mwaka 1903 haikuwa na fimbo mnayoijua ninyi. Rubani alilala kifudifudi. Mkono wake ulishika wenzo wa kupandisha na kushusha pua, na nyonga zake zililala kwenye kitako cha mbao kilichoteleza kushoto na kulia, kikivuta waya za kupinda mabawa. Kuruka waliruka, ila mwili mzima ulikuwa kazini. Mwaka 1907 Mfaransa Robert Esnault-Pelterie alipata hataza ya fimbo moja iliyoweka mambo hayo mawili kwenye mkono mmoja, na mwaka 1908 Mfaransa mwenzake Louis Blériot akaitumia kwenye ndege yake pamoja na upau wa miguu wa kugeuza usukani wa mkiani. Tangu hapo mambo yakawa mepesi: ukisukuma mbele pua inashuka, ukivuta nyuma inapanda, ukilaza kushoto bawa la kushoto linainama. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya fimbo: mkono uongoze bila kichwa kuufikiria mkono. Fimbo yenu ikimfanya mtu auwaze mkono wake katikati ya safari, imeshindwa kazi yake hata kama imepakwa rangi sawasawa na ya kiwandani.

Sababu ya pili muitafute kwenye Spitfire ya Waingereza, ndege iliyoruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936. Fimbo yake ina mpini wa mviringo, na shina lake limekatwa katikati likatiwa bawaba. Unapovuta au kusukuma, fimbo nzima husogea kutoka sakafuni. Unapolaza kushoto au kulia, husogea kipande cha juu peke yake. Mtu asiyejua hudhani ni urembo. Chumba cha rubani wa Spitfire ni chembamba mno, na fimbo nzima ingelazwa upande ingegonga mapaja yake kabla bawa halijainama vya kutosha. Bawaba ile ilizaliwa na upana wa chumba. Urefu wa fimbo nao ulizaliwa na nguvu: hapakuwa na mashine ya kumsaidia rubani, mkono wake ulivuta vipande vya bawa kupitia kebo, na kadiri ndege ilivyokwenda mbio ndivyo upepo ulivyozidi kukataa. Alihitaji wenzo mrefu. Na kwa kuwa kebo zilimfikia kiganjani, aliusikia upepo kama nahodha wa ngalawa anavyoyasikia maji kwenye kikono cha usukani.

Sasa njooni kwenye F-16 mnayoipenda. Fimbo yake haiko katikati ya miguu. Imewekwa upande wa kulia, juu ya meza ya pembeni, na mkono wa rubani unaegemea kitako cha mkono. Ni fupi, na karibu haisogei. Kwa nini? Kwanza, ndege hii haina kebo baina ya fimbo na mkia. Fimbo huipelekea kompyuta ishara za umeme, na kompyuta ndiyo inayoamua mkia na mabawa vigeuke kiasi gani. Wenzo mrefu haukuhitajika tena. Pili, ndege inaweza kukata kona kwa mzigo wa mara 9 ya uzito wa kawaida. Mkono wa kilo 4 hapo unakuwa na kilo 36. Nani atauinua mkono wa kilo 36 na kuongoza nao kwa upole? Ndiyo maana kiti kimelazwa nyuma nyuzi 30, mkono umeegemezwa, na fimbo imewekwa mahali ambapo kifundo cha mkono kinafanya kazi badala ya bega.

Wabunifu wake walikwenda mbali zaidi. Kwenye ndege za majaribio, YF-16, fimbo haikusogea hata kidogo. Ilipima tu nguvu ya kiganja. Tarehe 20 Januari 1974, kwenye kambi ya Edwards huko California, rubani wa majaribio Phil Oestricher alikuwa akiikimbiza ndege hiyo barabarani bila nia ya kuruka. Ikaanza kuyumba kushoto na kulia kwa nguvu hadi kipande cha mkia kikagusa ardhi, nayo ikawa inaacha mstari wa barabara. Akaona ni salama zaidi kuruka kuliko kuendelea kukimbia, akaipandisha, akazunguka kwa dakika 6 hivi, akatua salama. Safari rasmi ya kwanza ilifanyika tarehe 2 Februari. Kompyuta ilikuwa ikiupokea mkono wa rubani kwa ukali uliozidi, na fimbo isiyosogea haikumpa mkono habari yoyote ya kiasi alichoomba. Mipangilio ile ikalainishwa, na baadaye fimbo ikapewa nafasi ya kusogea milimita chache, kwa sababu kiganja cha binadamu kinataka kuhisi kwamba kimeomba kitu na kimesikiwa.

Nimewasimulia haya kwa kirefu kwa sababu humo ndimo mlimo na mpango wa kazi yenu. Kabla ya kununua hata skrubu moja, amueni ni ndege gani. Anayetaka Spitfire aunde fimbo ndefu ya sakafuni yenye bawaba. Anayetaka F-16 aunde fimbo ya pembeni inayopima nguvu, na aunde kitako cha mkono pia, kwa maana bila kitako fimbo ile ni nusu ya kitu. Kuna wanaochukua mpini wa F-16 wakaupachika juu ya shina refu katikati ya miguu, kisha wanashangaa kwamba vidole vinachoka na kifundo kinauma. Mpini ule umeinamishwa kwa ajili ya mkono ulioegemea upande. Ukiuhamisha, umeuondolea sababu yake.

Mkishaamua, anzeni na kisichoonekana. Kwa fimbo inayosogea, moyo wake ni gimbali: fremu mbili, moja ndani ya nyingine, moja ikibembea mbele na nyuma, ya pili kushoto na kulia. Mihimili yake ikutane katika nukta moja, ili fimbo ikienda mshazari isisikike kana kwamba inapanda kilima. Tumieni beringi, msitegemee tundu la plastiki kusuguana na msumari. Beringi namba 608, zile za viatu vya magurudumu, zina tundu la milimita 8 na kipenyo cha nje cha milimita 22. Zinapatikana kirahisi na zinatosha kabisa. Fremu mnaweza kuzichapa kwa mashine ya 3D, mkazikata kwenye bamba la alumini, au mkazichonga kwa mbao ngumu iliyokauka vizuri. Kitu cha kuogopa ni kucheza. Shikeni shina, lisukumeni kidogo kidogo, na sikilizeni. Likicheza nusu milimita kabla fremu haijageuka, hiyo nusu milimita mtaiona hewani siku mnapojaribu kujaza mafuta kutoka ndege nyingine, kazi ambayo hukosa au hufaulu kwa mwendo mdogo kuliko huo.

Programu nyingi zinakuruhusu kutenga sehemu ya katikati isiyosikia, ili mtetemo usionekane. Msikimbilie huko. Anayeficha ubovu wa chuma kwa programu amejinyima sehemu ile ile ya fimbo anayoihitaji zaidi, maana rubani makini hushinda karibu na katikati muda wote. Rudini kwenye beringi, kazeni, chongeni upya.

Springi nazo zina adabu yake. Mkitumia springi mbili zinazovutana, hakikisheni zote mbili zimeshavutika hata fimbo inaposimama wima. Moja ikilegea kabla ya kufika katikati, fimbo inapoteza kwao, inasimama popote inapopenda. Msichague springi kwa kuwa ni ngumu na inaonekana ya kiume. Fimbo ngumu juu ya meza nyepesi huinua meza. Chagueni ile ambayo mkono unaweza kuishikilia nusu saa bila kutetemeka, na mfunge kitako cha fimbo kwa bolti kwenye kiti au meza, kwa sababu hakuna usahihi juu ya kitu kinachotembea.

Urefu mpeni hesabu. Shina la sentimita 10 linalobembea nyuzi 20 kila upande husafirisha kiganja sentimita 7 tu kutoka mwisho hadi mwisho. Shina la sentimita 50, kwa nyuzi zile zile, hukisafirisha sentimita 35. Mkono ule ule, kosa lile lile la milimita moja, lakini kwenye fimbo ndefu kosa hilo ni dogo mara tano. Hii ndiyo sababu wanaorusha ndege za zamani hawaachi fimbo za sakafuni, na ndiyo faida mnayoweza kuipata bila kulipa chochote zaidi ya bomba refu.

Sasa umeme. Wengi mtaanza na potenshiometa, ile mnayoiita voliumu kwa kuwa mmeitoa kwenye redio mbovu. Si kitu kibaya cha kujifunzia, lakini fanyeni hesabu kabla ya kulehemu. Voliumu huzunguka kama nyuzi 300. Fimbo yenu inazunguka nyuzi 40 tu. Chipu yenye kusoma hatua 1,024 itakupa, kati ya mwisho mmoja na mwingine wa fimbo, hatua 136 hivi. Zilizobaki zote zimepotea kwenye sehemu ya voliumu ambayo fimbo haifiki kamwe. Hapo ndipo pua ya ndege inaporuka ruka badala ya kuteleza. Juu ya hayo, ndani ya voliumu kuna utepe wa kaboni unaokwanguliwa kila unaposogeza, na unaolika kwanza ni pale katikati, mahali mnapopahitaji kuliko pote.

Dawa yake ni sensa ya Hall, iliyopewa jina la Mmarekani Edwin Hall aliyeugundua msingi wake mwaka 1879: umeme unaopita kwenye bamba hukengeuka bamba likikaribiwa na sumaku. Mnafunga sumaku ndogo kwenye mhimili, sensa mnaiacha imesimama kando, na hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kinacholika. Mkienda dukani, Kariakoo au Luthuli, semeni wazi kwamba mnataka sensa inayotoa volti zinazopanda na kushuka polepole kufuatana na sumaku. Kuna nyingine inayofanana nayo kwa sura ambayo inajua mawili tu, kuwaka na kuzima, nayo haina faida kwenye mhimili wa fimbo. Na kwa nyuzi 20 kila upande, volti zinazotoka zinakaribia mno mstari ulionyooka. Kasoro yake mwishoni ni kama asilimia 2, ambayo mkono hauijui. Sogezeni sumaku karibu au mbali hadi volti zitumie sehemu kubwa ya kipimo cha chipu. Hatua mlizozipoteza kwenye voliumu mtazipata hapa.

Anayeunda ya F-16 atafuata njia nyingine, ya kupima nguvu. Vipande vya alumini vilivyomo ndani ya mizani za jikoni za kidijitali vinajipinda kidogo sana vinapobebeshwa uzito, na vimebandikwa nyuzi za kupima huko kupinda. Vikipachikwa chini ya fimbo, kimoja kwa mbele na nyuma, kingine kwa kushoto na kulia, vinapima kiganja badala ya kupima unga. Chipu inayovisoma mara nyingi ni HX711. Hapo msikilize jambo dogo linalowatesa wengi: kwenye bodi nyingi zinazouzwa, chipu hiyo imefungwa isome mara 10 tu kwa sekunde, na ndege inakuwa na usingizi. Mguu wake wa 15 ndio unaoamua. Ukitolewa kwenye ardhi ya umeme na kuunganishwa na volti, chipu husoma mara 80 kwa sekunde, na ndege inaamka. Kisha mkumbuke yaliyomkuta Oestricher barabarani. Acheni fimbo yenu isogee milimita chache, hata kwa kipande cha mpira mgumu, na mpangilio wa awali uwe mpole.

Kuhusu bodi ya kuunganisha na kompyuta, angalieni jina la chipu kabla ya kulipa. Bodi za Arduino zenye chipu ya ATmega32U4, kama Leonardo, zinaweza kujitambulisha kwa kompyuta moja kwa moja kuwa ni joistiki. Uno, ingawa ndiyo imejaa madukani, haiwezi hivyo bila ujanja wa ziada. Pesa ya kijana ni ngumu kuipata. Isiende kwenye bodi isiyofaa kwa sababu ya kutouliza.

Hapo ndipo mnapofika kwenye mpini, na mmefika mkiwa na haki ya kufika. Mpini nao una sababu zake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alichunguza kwa nini marubani hodari wa ndege za B-17, wakishatua salama, walikunja magurudumu wakati walikusudia kukunja vibamba vya mabawa. Aligundua kwamba swichi mbili zilikaa karibu na zilifanana. Akashauri ile ya magurudumu ipewe kishikio chenye umbo la gurudumu, na ile ya vibamba kishikio chenye umbo la bamba, vidole vijue bila macho. Tazameni mpini wa F-16 kwa jicho hilo. Swichi za juu zinasukumwa pande nne, na kila moja ina kofia yenye umbo lake. Kitufe chekundu cha kuachia silaha kimekaa mbali kidogo ili dole gumba likifuate kwa makusudi. Kidole kidogo kina kitufe chake, na chini kabisa mbele kuna kibao cha kuzuia rubani wa kompyuta. Mkono wa rubani haushuki kutafuta kitu kwa sababu kutafuta kunachukua macho, na macho yana kazi nje.

Kwa hiyo chapeni au chongeni mpini kwa ukubwa wa kweli, lakini kabla ya kuujaza swichi ushikeni gizani. Fumbeni macho, mtaje swichi moja moja, kidole kiende. Kinapokosea, badilisheni kofia iwe na kingo au mkwaruzo. Kofia mnaweza kuzichonga kwa tupa na msasa, na swichi zake ndogo zikatoka kwenye kipanya cha kompyuta kilichokufa. Kifyatulio cha F-16 kina hatua mbili, ya kwanza laini na ya pili nzito. Mtaipata kwa swichi mbili zilizopangwa moja mbele ya nyingine, ya nyuma ikiwa na springi yake. Chagueni waya wa nyuzi nyingi nyembamba, maana waya wa uzi mmoja mgumu hukatika kwa kupindwa. Upitisheni ndani ya shina, muuachie kitanzi pale kwenye gimbali ili fimbo isiuvute, na mfunge sehemu inayoingia ndani ili mvuto usifike kwenye maungio ya risasi.

Vitufe 16 havihitaji miguu 16 ya chipu. Vipangeni safu nne kwa nne na miguu 8 inatosha, lakini kila kitufe kipewe diodi yake, 1N4148 inafaa. Bila diodi, mkibonyeza vitatu vilivyokaa kwenye pembe za mraba, cha nne kitajitokeza ambacho hakuna aliyekigusa. Na kila swichi inapofunga hurukaruka kwa milisekunde chache kabla haijatulia, basi programu yenu isubiri kidogo kabla haijaamini.

Najua kuna watakaowaambia mnapoteza muda kwa kitu cha kuchezea. Waambieni habari za Edwin Link wa Binghamton, New York. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda vikubwa vinavyolia kwa upepo. Kijana huyu alitaka kujifunza kurusha ndege, na masomo yalikuwa ghali. Akachukua mivukuto na pampu za kiwandani, akaunda kijumba cha rubani kinachoinama na kugeuka kinapoongozwa, na mwaka 1929 kikawa tayari. Waliokinunua mwanzoni walikuwa zaidi ni wenye viwanja vya burudani, watu walipe sarafu wajifurahishe. Kisha mwaka 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, na marubani wasiozoea kuruka usiku na ndani ya mawingu wakaanza kufa. Jeshi likanunua mashine 6 za Link. Hadi Vita vya Pili vya Dunia vinakwisha zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 10,000.

Tazameni alichokiiga. Mashine yake haikuwa na sura ya ndege yoyote ya maana. Mabawa yake yalikuwa mafupi kama ya mchezo. Lakini iliinama mkono ulipoinamisha, na iliadhibu mkono uliokosea. Na aliiunda kwa vitu vilivyokuwa karibu naye. Ninyi pia mko karibu na vitu: printa zilizokufa zina mihimili iliyonyooka na springi nzuri, mizani mbovu zina vipima nguvu, na mafundi wa Gerezani au Kamukunji watawachongea kipande cha chuma kwa usahihi mkienda na mchoro wenye vipimo. Mchoro, narudia. Fundi akipewa picha ya simu atawapa picha ya chuma. Daftari moja la vipimo, lenye tarehe na sababu ya kila badiliko, lina thamani kuliko mashine ya kuchapa.

Yapo mawili ya usalama. Risasi ya kulehemu ina sumu, kwa hiyo fungueni madirisha na mnawe mikono kabla ya kula. Sumaku zile ndogo zenye nguvu zihifadhiwe mbali na watoto. Mtoto akimeza mbili, zinavutana ndani ya utumbo na kuubana katikati yake, nayo ni hatari ya kifo.

Na lipo moja la moyo. Mnaiga kitu cha vita. Kwenye skrini ndege ikianguka mnaanza upya, na aliyelengwa anaamka tena. Kwenye fimbo ya kweli, kifyatulio kile na kitufe kile chekundu vimekwisha kuua watu ambao hawakumwona rubani na rubani hakuwaona. Sababu ya kila kitu kwenye mpini ule ni kuufanya uamuzi huo uwe mwepesi kwa kidole. Simlaumu anayependa ndege. Na mimi nazipenda. Nawataka tu mjue uzito wa mnachokishika, ili ustadi mtakaoupata uende kwenye kazi ya kujenga. Mihimili miwili inayosoma kiganja kwa usahihi inaweza kuendesha kiti cha mlemavu, winchi, mkono wa mashine kiwandani, au ndege ndogo isiyo na rubani inayopima mashamba. Anayejua kuunda fimbo hii ameshajua hizo zote nusu.

Mkimaliza, msianze kwa kurusha ndege. Mwiteni mdogo wenu mmoja, mumkabidhi fimbo, na mumruhusu aulize juu ya kila sehemu: hii kwa nini iko hapa, kwa nini ndefu, kwa nini ngumu, kwa nini kofia hii ina kingo na ile haina. Mjibuni kwa sababu, msimjibu kwa jina la ndege. Sehemu mtakayoshindwa kuieleza, ifungueni siku hiyo hiyo, kwa kuwa hiyo mmeiiga bila kuielewa, na hapo ndipo kazi yenu ya kesho inapoanzia. Kisha mdogo huyo mpeni zile beringi zilizobaki, aanze ya kwake.